Mayai ya Bi Shemsa na Mshale wa Stawini

Safari yenyewe sitaisimulia. Njia ilikuwa mbaya, chakula kilikuwa kibaya, na mimi si mtu wa kuvumilia vyote viwili kwa pamoja, tuishie hapo. Naanzia pale nilipoingia mji mkuu wa Stawini, jua la utosi, nikakuta taa zote za barabarani zinawaka.

Nilidhani kuna mtu amesahau. Kwetu mtu akisahau taa mchana, jirani humgongea mlango akamwambia. Nikamsimamisha mwanamke aliyekuwa akipita, nikamwonyesha taa kwa kidole. Akaitazama taa, akanitazama na mimi, kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa iongezwe nyingine.

Nilikuwa nimetumwa na baraza la mji wetu. Sisi mji wetu umedumaa, hilo si siri, na habari za Stawini zilikuwa zimetufikia: kwamba ni nchi inayokua kuliko zote zilizoizunguka, na kwamba imekua mpaka shirika lao la umeme limenenepa kwa neema hiyo. Waheshimiwa wa baraza letu waliposikia habari ya shirika kunenepa, walikaa sawasawa kwenye viti. "Nenda ukaone wanafanyaje," waliniambia, "urudi utuambie ulichokiona."

Nilipokelewa na Bwana Idarusi, ambaye cheo chake ni Msoma Mshale. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa joho zito la rangi ya shaba ambalo kwa joto lile lilikuwa adhabu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye uwanja mkubwa wa mji. Hapo pana ukuta mrefu, na ukutani pana duara kubwa mithili ya uso wa saa, ila lina mshale mmoja tu, na mshale huo hauonyeshi saa. Unaonyesha nchi inatumia umeme kiasi gani wakati ule ule unaoutazama.

Watu wa Stawini hawaulizani hali kama sisi. Wakikutana, mmoja husema, "Mshale?" na mwenzake hujibu, "Umepanda." Kisha, "Na nyumbani?" "Umepanda pia." Nilimwona mtu aliyetoka kuzika mkewe akijibu hivyo hivyo, machozi yanamtoka.

"Zamani," Idarusi alinieleza tukiwa chini ya ule ukuta, "hapa palikuwa na mashine ya kusaga moja na seremala mmoja. Wakaja wengine. Mashine za kusaga zikaongezeka, mafundi wa kuchomelea wakafungua karakana, waoka mikate wakaleta tanuri za umeme. Kila aliyefungua kazi alinunua umeme. Shirika likapata, likavuta nyaya mpaka mitaa mingine, na huko nako watu wakafungua kazi. Nchi ilistawi, na Shirika likanufaika na kustawi kwake."

Nikamwambia hilo ni jambo jema na la akili, na kwamba ningefurahi kulipeleka kwetu kama lilivyo.

"Ngoja, sijamaliza," alisema. "Mkuu wetu wa kwanza alikuwa mtu wa kufikiri sana. Aliona kwamba kuwahesabu mafundi ni kazi ya kuchosha. Mafundi wanahama, wanaugua, wengine waongo. Mshale hauhami wala hauugui. Na kwa kuwa nchi ikistawi mshale hupanda, basi ukitaka kujua kama nchi imestawi, tazama mshale. Na ukitaka nchi istawi, pandisha mshale. Tangu siku hiyo tuliacha kuhesabu watu."

"Na watu wenyewe je?"

"Watu wamo ndani ya mshale," alijibu Idarusi, tena bila kutabasamu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu aliyeelewa.

Akanitembeza. Kwenye mtaa wa mashine za kusaga ngurumo ilikuwa kubwa mpaka tukawa tunaongea kwa kupiga kelele. Nilichungulia ndani ya mashine moja. Mawe yalikuwa yanazunguka, mkanda unazunguka, mwenye mashine amesimama pembeni mikono nyuma, na hakuna punje moja ya nafaka.

"Huyu anasaga nini?" niliuliza.

"Anasaga."

"Nauliza anasaga nini."

"Mgeni wetu," alisema Idarusi, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto wa mwenzake, "mahindi yana msimu. Ukuaji hauna msimu."

Kwenye mtaa wa waoka mikate tanuri zilikuwa zinawaka tangu alfajiri, na mikate haikuwapo. Mwoka mikate mmoja, aliyevaa nishani kifuani, alinieleza kwamba alikuwa akioka zamani, lakini kuoka kunataka kufungua na kufunga mlango wa tanuri, kupumzisha unga, kusubiri. Yote hayo yanamsumbua mtu katika kazi ya kuwasha. Alipoacha unga ndipo alipopewa nishani. Nilimwomba hata kipande cha jana. Alicheka sana. Nilikula biskuti zilizovunjika nilizokuwa nazo mfukoni.

Sheria zao ni chache na hazina jela. Kosa kubwa kuliko yote linaitwa Wizi wa Mwanga, nalo ni kutumia jua mahali ambapo pana soketi. Madirisha yamezibwa kwa matofali. Kuanika nguo nje ni jambo la fedheha; nilimwona mama mmoja akitoka uani na kanga mbichi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaitandaza juu ya ua kwa haraka kama anayeficha maiti. Aliponiona, alijifunika uso.

Adhabu yao ni taa. Juu ya mlango wa kila nyumba Shirika limeweka Taa ya Heshima. Nyumba inayotumia umeme mwingi, taa yake huwaka vikali hata mchana huwezi kuitazama. Nyumba inayotumia kidogo, taa yake hufifia. Basi. Hakuna askari anayekuja. Lakini mwenye taa iliyofifia hatangulii dukani hata akiwa wa kwanza kufika, haalikwi harusini, na mwanawe akitaka kuposa, wazazi wa binti hupita kwanza kuitazama taa. Nilikutana na watu wengi pale wanaotembea wakiwa wameinamisha vichwa, na baada ya muda nilijifunza kujua, kwa shingo tu, mtu anatoka katika nyumba ya namna gani.

Ilikuwa nilale kwa Idarusi. Nyumba yake ilikuwa na pasi zilizosimamishwa kwenye kila meza, zinawaka, hakuna nguo. Majiko yanawaka, hakuna chungu. Na feni zilizowekwa ili kupoza joto la pasi na majiko. Nilikaa sebuleni kwa adabu mpaka nikaanza kuona vitu viwili viwili. Nikasingizia kwamba nataka kunyoosha miguu, nikatoka, nikafuata ubaridi kama mbuzi. Ulinipeleka kwenye kichochoro chenye nyumba ndogo, taa zake zote zimefifia, na mlangoni mwa nyumba ya mwisho alikaa mama mtu mzima anachagua mchele kwa mwanga wa jua. Kwa sheria, alikuwa mwizi. Alishtuka, akaficha ungo nyuma yake.

Nikamwomba maji. Akanipa. Nikamwomba mahali pa kulala.

"Kwangu mimi?" alisema. "Umeiona taa lakini?"

"Nimeiona."

"Basi ingia upesi, usisimame hapo nje."

Jina lake Bi Shemsa. Nyumba yake ilikuwa na dirisha, lililozibwa kwa gunia badala ya tofali, na chumbani, juu ya kibao, palikuwa na sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo. Ndani ya sanduku palikuwa na balbu moja ndogo, na chini ya balbu, mayai yamepangwa kwenye kitambaa. Ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga, ameitengeneza marehemu mumewe.

Wanawake wa kichochoro humletea mayai, naye huyatotolesha, na vifaranga wanagawana. Bi Somoe wa nyumba ya pili alikuwa amesomesha mabinti zake ushonaji kwa kuku hao. Kuna aliyenunua mkokoteni, na kuna aliyeezeka upya. Waoka mikate wote, walipokuwa bado wanaoka, mayai waliyapata hapa. Nilimwambia Bi Shemsa kwamba hii ndiyo shughuli ya kwanza niliyoiona Stawini inayozaa kitu. Nilidhani atafurahi. Alivuta pazia mbele ya sanduku kama mtu niliyemfumania.

"Balbu moja tu hiyo," alisema. "Nawaaibisha watoto wangu. Mwanangu mkubwa mtu wa cheo, mgeni. Ndiye anayesoma mshale. Tafadhali usimwambie mtu kwamba umelala hapa."

Asubuhi nilimwambia Idarusi nimefikia wapi. Sikujua namna ya kuficha. Uso ulimbadilika. "Kule kichochoroni," alisema. "Ah. Kuna hewa, wanasema." Hakusema kwamba ni kwao. Akaanza kunieleza kuhusu Sikukuu ya Mshale, akieleza haraka haraka, na mimi nilimwacha aeleze.

Kila mwaka, adhuhuri ya siku maalumu, nchi nzima hukusanyika uwanjani. Juu ya duara pamechorwa alama nyekundu mahali mshale ulipofika mwaka uliopita, na lazima uivuke. Usipoivuka, nchi imerudi nyuma, na hakuna aliye hai anayekumbuka nchi ikirudi nyuma, kwa hiyo hakuna anayejua ni nini hutokea; ndiyo maana wanaogopa. Baada ya mshale kuivuka, uwanja wote hunyamaza kimya, Msoma Mshale hupanda ngazi na kutangaza. Na mwaka huu, baada ya kutangaza, Idarusi angevishwa ukanda wa Naibu Mkuu wa Shirika. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamzuia. Hapewi ukanda mtu ambaye taa ya nyumba ya mama yake imefifia.

Siku chache kabla ya sikukuu niliruhusiwa kuketi katika Baraza la Mshale. Mto unaoendesha mitambo ulikuwa umepungua maji, na mshale ulikuwa haujaikaribia alama. Mkuu wa Shirika, Bwana Farijala, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, aliwauliza wajumbe wafanyeje.

Mjumbe mmoja alipendekeza viwashwe vitu zaidi. Akaambiwa kila kitu kimekwishawashwa. Mwingine akapendekeza alama nyekundu ishushwe. Wakamtazama mpaka akaketi. Ndipo wa tatu, mwanasheria, akakumbusha kwamba mshale umefungwa kwenye njia kuu peke yake. Vichochoro havihesabiwi, kwa kuwa matumizi yao ni ya aibu. Umeme unaokwenda vichochoroni unaliwa bila mshale kuuona. Ukikatwa huko ukarudishwa njia kuu, mshale utapanda.

"Hiyo tutaiita kuazima," alisema.

"Anayeazimwa huwa anaombwa kwanza," alisema bibi mmoja aliyekaa mwisho.

"Walicho nacho ni kidogo mno," mwanasheria alimjibu. "Mtu mwenye kidogo namna hiyo utamwomba nini?"

Jambo hilo liliwaridhisha wengi. Lakini yule bibi hakukoma. Aliuliza kama huko vichochoroni hakuna kazi yoyote inayoendeshwa na umeme huo, maana alikuwa amesikia habari ya mayai. Wakajadili mayai. Mmoja alisema yai halikui kwa umeme, linakua kwa kuku. Mwingine alisema kifaranga anapotoka ndani ya yai huacha kutumia umeme kabisa, kwa hiyo kutotoa ni kushusha mshale, na ikiwezekana kupigwe marufuku. Mwanasheria alitaka kujua kama ipo sheria inayomzuia kifaranga kuzaliwa baada ya sikukuu. Wote hawa ni watu waliosoma. Nilikuwa nikiangalia vidole vyangu.

Bwana Farijala akamgeukia Idarusi. "Msoma Mshale, wewe unaijua mitaa yote. Kichochoro kile kina nini?"

"Hakina kitu, Mheshimiwa," alisema.

Wakapitisha.

Jioni ile alikuja kwa mama yake, mara ya kwanza tangu nifike, akiwa amejifunika kilemba mpaka puani. Alikuwa amebeba jiko kubwa la umeme, jipya. Aliniamkia kama hajawahi kuniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jiko?"

"Liwashe, mama. Liwashe tu, usipike kitu. Taa yako itawaka kabla ya sikukuu. Nyumba yenye taa inayowaka haikatwi. Mayai yako yatapona, na mimi..."

"Na wewe utapata ukanda."

"Nitapata ukanda."

"Lete," alisema Bi Shemsa, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. Nisidanganye mtu hapa: hakukataa, wala hakumpa somo. Alitaka jiko lile. Alikuwa ameinamisha shingo miaka mingi, naye alikuwa amechoka.

Wakalichomeka. Taa ya mlangoni ikapepesa, ikawaka kweli kweli, na kichochoro kizima kikatoka nje. Bi Somoe akapiga vigelegele. Watu waliompita Bi Shemsa kwa miaka walikuja kumpa mkono, na yeye alisimama pale chini ya taa akiwa amenyoosha shingo, akiwauliza, "Mshale?" nao wanamjibu, "Umepanda, mama, umepanda." Idarusi aliondoka amefunua uso.

Kesho yake, mchana, nilimkuta Bi Shemsa amepiga magoti mbele ya sanduku, mkono ndani. Waya wa kichochoro ni mwembamba. Jiko lilipokuwa linakunywa, balbu ilibaki nyekundu kama kaa linalokufa. Akanishika mkono akauweka juu ya mayai. Yalikuwa ya vuguvugu tu, karibu ya baridi. Siku zake za kutoka zilikuwa zimekaribia; ukiweka yai sikioni ulisikia mdomo wa kifaranga unakwaruza.

"Sasa nifanye nini, mgeni?" aliniuliza. Mimi nilitumwa kujifunza.

Akalitazama jiko, halafu akalichomoa. Taa ikafifia. Alitoka mwenyewe kuitazama, akarudi ndani, akafunga mlango ingawa joto lilikuwa kali. Hakulia. Alisema tu kwamba laiti asingewasha kabisa, maana sasa watu wamekwisha kuona.

Siku ya sikukuu, asubuhi, umeme wa vichochoroni ulikatwa kama ulivyopitishwa. Balbu ya sanduku ilizima. Bi Shemsa alisimama mlangoni akawaita wanawake wote wenye mayai, wakaja, na bila maneno mengi wakaanza kuyatoa sandukuni na kuyaweka miilini mwao: kifuani, kwapani, tumboni chini ya kanga, wakajifunga leso juu yake na kushika kwa mikono miwili. Nilipouliza kwa nini wasibaki nyumbani, Bi Somoe alinijibu kwa ukali. Kutohudhuria Sikukuu ya Mshale ni kukiri kwamba wewe ni mtu wa giza, na wao tayari walikuwa na aibu ya kuwatosha.

Wakaenda hivyo uwanjani, wamejikunja, wanatembea polepole, na watu waliwapisha huku wakiwacheka. Bi Shemsa alitangulia. Mimi sikwenda nao. Mimi nilikuwa na kiti jukwaani, karibu na Bwana Farijala, chenye mto.

Adhuhuri ilipofika kila kitu cha Stawini kiliwashwa kwa pamoja. Mashine za kusaga ziliunguruma bila nafaka, tanuri zilifoka bila mikate, na taa ziliwaka juani mpaka macho yakauma. Mshale ulitetemeka, ukapanda, ukafika kwenye alama nyekundu, ukasita. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Kisha ukaivuka, kidogo tu, kama unywele. Mitambo yote ikazimwa ili pawe na ule ukimya wao, na Bwana Idarusi, ndani ya joho lake la shaba, akapanda ngazi na kusimama mbele ya duara, ametupa mgongo.

Hakuna aliyekohoa. Na katika ukimya ule, kutoka upande wa watu wa vichochoro, kikasikika kilio chembamba. Pii, pii.

Watu wakageuka. Bi Shemsa alikuwa amejikumbatia, kichwa kimeinama kabisa, na sauti ilikuwa inatoka chini ya kanga yake. Alijaribu kuifunika kwa viganja. Ikatoka nyingine, kwa Bi Somoe. Pii.

"Ni nini hicho?" aliuliza Bwana Farijala, taratibu.

Idarusi, juu ya ngazi, hakugeuka. Lakini aliisikia, niliona mabega yake. Alikulia katika nyumba yenye sauti ile. Alisimama mkono wake mmoja ukiwa hewani, karibu na mshale, na kwa muda nikafikiri atashuka. Nilitamani ashuke. Kisha akasema, kwa sauti kubwa iliyofika kila mahali, "Umepanda!"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Walipiga makofi wote, isipokuwa wanawake wa kichochoro. Wao mikono yao ilikuwa imejaa mayai.

Akavishwa ukanda pale pale. Sheria ya taa ya mama ilikumbukwa, na ikaamuliwa kwamba nyumba iliyokatwa umeme haina taa iliyofifia. Haina taa kabisa, na sheria haisemi kitu juu ya hilo. Kisha Bwana Farijala akanigeukia. Ni desturi yao mgeni aulizwe mbele ya watu swali moja, "Umeona nini?" naye ajibu, "Nimeona nuru." Nilikuwa nimefundishwa jibu hilo asubuhi pamoja na chai.

"Mgeni wetu, umeona nini?"

Nilisimama. Niliwaangalia wanawake wale waliojikunja. "Nimesikia kifaranga," nilisema.

Kulikuwa na manung'uniko. Bwana Farijala hakukasirika hata kidogo. Alinigusa bega. "Mgeni haulizwi alichosikia," alisema. "Umeona nini?"

Macho ya nchi nzima yalikuwa kwangu. Nilikuwa peke yangu, mbali na kwetu, na kiti kilikuwa na mto. Nikasema, "Nimeona nuru." Wakapiga makofi tena, na wakanizawadia birika la umeme.

Niliondoka jukwaani nikiwa nimelikumbatia birika lile, nikaenda kichochoroni kuchukua mzigo wangu. Wanawake walikuwa wamekaa sakafuni kwa Bi Shemsa, wamejipanga ukutani. Vifaranga wachache walikuwa wametoka, wamelowa, wanasimama na kuanguka kwenye kanga. Mayai mengi yalikuwa yamenyamaza. Bi Somoe alikuwa ameshikilia la kwake sikioni, analisikiliza, analishusha, analisikiliza tena. Nililificha birika nyuma ya mlango, lakini wote walikwisha kuliona.

Ndipo kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Idarusi, na joho lake, na ukanda mpya unaong'aa. Alisimama kizingitini hakuthubutu kuingia. Nilidhani ataomba radhi, na nilidhani mama yake atamfukuza; kwetu angefukuzwa. Bi Shemsa aliinua kichwa, akamtazama mwanawe, akautazama mlango ambao juu yake taa ilikuwa imekufa.

"Taa yangu imezima, baba," alimwambia kwa upole. "Usisimame hapo. Watu watakuona."

Sijawahi kuona neno likimpiga mtu vile. Idarusi aliingia, akafunga mlango. Akafungua joho, akapiga magoti, na mama yake akaanza kumwekea mayai kifuani, moja moja, na kumfunika kwa lile joho zito, ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa na faida. Alikaa pale ukutani pamoja na wanawake, Naibu Mkuu wa Shirika la Umeme la Stawini, analalia mayai kwa siri. Nilipoaga, yai moja kifuani mwake lilikuwa limepata ufa, na alikuwa amezuia pumzi ili asilisumbue. Kwa nje, nyumba ilikuwa na giza tu, na waliopita waliharakisha.

Nilirudi kwetu. Waheshimiwa wa baraza walinikalisha mbele yao. "Umeona nini?" waliniuliza, na neno kwa neno swali lilikuwa lile lile. Nikawasimulia yote: mashine zisizo na nafaka, tanuri, sanduku la Bi Shemsa, na mtu mwenye cheo aliyefunga mlango ili asionekane akifanya kazi ya maana. Walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, mwenyekiti alikohoa.

"Na huo mshale wao," alisema, "mwisho wake ulipanda au haukupanda?"

Nilitazama nje ya dirisha. Uwanjani mafundi walikuwa wameanza kujenga ukuta mrefu. Ulikuwa umefika usawa wa kifua.

"Ulipanda," nilisema.

Wakapiga makofi, baraza zima. Mikono yangu haikuwa imeshika yai lolote. Nikapiga nao.